Nyumba Yenye Shingo

Munyao hakuwahi kuona nyumba ya mawe asiidharau. Miaka yote aliyokuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Malaba, alizitazama kutoka juu ya kiti chake, zimepangana kando ya barabara na mabati yake mekundu, akawasikitikia wenyewe. Mtu anajenga vyumba vinne, alikuwa akisema, vitatu vya panya na kimoja cha kuwekea funguo za hivyo vitatu. Anajifunga kwa simiti mahali ambapo mvua ilishakataa, halafu kila Jumapili anakwenda kanisani kuomba mvua imfuate alipojifunga.

Kwa hiyo alipostaafu hakujenga. Kampuni moja ya barabara ilikuwa ikivunja kambi yake, na kati ya vitu ilivyouza kulikuwa na nyumba ya mainjinia wake: trela ndefu yenye mlango, madirisha na vyumba viwili, sehemu yake ya mbele imeinuka kama shingo. Shingo hiyo ndiyo hukaa juu ya sahani ya chuma iliyo nyuma ya kichwa cha lori, ikanaswa, na nyumba nzima ikafuata. Wengine waliokuja kuitazama walisema itafaa kuwa banda la kuku. Munyao aliinunua, akaivuta hadi Kambu, akaiegesha kwenye kiwanja alichokodi kwa Rashid, muuza tairi, nyuma kidogo ya barabara kuu. Kisha akamwita mke wake, Mutindi, aliyekuwa bado katika chumba cha kupanga kule Kibwezi.

Mutindi alifika na kabati la vyombo, makochi, na vitambaa vya kufuma vya kuyafunika yote. Munyao alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Kabati linabaki nje," alisema.

"Litanyeshewa."

"Na nani? Hapa ni Kambu."

"Na makochi?"

"Makochi ni ya watu wanaongoja wageni. Sisi tukichoka na wageni tunahama."

"Wewe ndiye utakayehama, Baba Nduku. Mimi nitabaki nimekalia kochi langu hapa kwa vumbi."

Mutindi hakubaki kwa vumbi. Kabati liliuzwa, makochi yakapewa kanisa, na vitambaa vikawa mapazia. Munyao alitengeneza benchi zenye vifuniko, mtu anakalia unga na sukari yake bila kujua. Rafu alizipigilia ubao mwembamba ukingoni ili kitu kisidondoke nyumba ikitembea. Vikombe vya udongo alivikataza. Alileta vya bati, kwa kuwa cha bati kikianguka kinalalamika tu, hakivunjiki. Mtungi wa gesi aliuweka nje, chini ya shingo, ndani ya kizimba cha nondo. Watu wanaolala chumba kimoja na mtungi wa gesi, alisema, ni watu waliochoka kuishi ila wanaona aibu kusema.

Aliyekuja kumuuliza alifundishwa, ingawa hakuondoka amefurahi. Kuhusu joto, alimwambia asimame Kambu saa nane mchana ndani ya sanduku la bati halafu arudi na swali. Yeye alijenga paa la pili juu ya lile la kwanza, la mabati makuukuu juu ya nguzo, akaacha nafasi upepo upite katikati. Kuhusu kuisawazisha, aliweka sufuria ya maji sakafuni, akatazama yanaegemea wapi, akaongeza mbao chini ya miguu ya chuma hadi maji yakatulia. Tairi alizifunika kwa magunia, kwa sababu jua hula tairi iliyosimama kuliko lami inavyokula tairi inayokimbia.

"Na maji ya kutumia unaweka wapi?" mtu angeuliza.

"Chini, kwenye ekseli. Usiweke mkiani kama mjinga. Uzito ukikaa mkiani, shingo inainuka. Shingo ikiinuka, kichwa cha lori hakina kitu cha kukikandamiza, na tairi zake zinazunguka tu bila kusonga. Na ukitaka kusafiri, mwaga yote. Anayesafiri na maji anavuta mto."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na Munyao akazidi kudharau. Alimdharau zaidi kaka yake mkubwa, Mutiso, aliyekuwa amejenga nyumba ya mawe kwenye shamba la baba yao, ng'ambo ya mto, upande wa Mutomo. Nusu ya shamba hilo ilikuwa ya Munyao. Ilikuwa kichaka. Hakuwa amekanyaga huko tangu mazishi ya baba.

Kisha Nduku, binti yao wa pekee, aliyefanya kazi katika duka la dawa mjini Kitui, akapata mchumba. Kijana aliitwa Mulinge, mfanyabiashara wa ndengu kutoka Kyuso. Watu wake walitaka kuleta ntheo, wale mbuzi ambao kwa Wakamba ndio wanaosema kwamba msichana ameombwa na ana wenyewe. Bila mbuzi hao kupokelewa nyumbani kwa baba yake, mwanamke anaweza kuzaa na kuzeeka kwa mume na bado akahesabiwa kama aliyejipeleka. Nduku hakutaka kujipeleka. Alimwambia mama yake hivyo kwa simu, na Mutindi akamwambia Munyao, na Munyao akasema waje, mbuzi hawajui kusoma, hawatajua wako kwenye trela.

Aliyekuja kwanza hakuwa mbuzi bali Mbaluka, mjomba wa Mulinge, mzee mrefu mwenye koti la suti na viatu vya mpira. Alikuwa ametumwa kuona njia. Aliizunguka trela, akainua gunia moja, akaipiga tairi teke.

"Imejaa upepo," alisema.

"Ulitaka ijae nini, ugali?" Munyao alimjibu.

"Nilitaka iwe haina. Mzee Munyao, mimi ni mtu wa kutumwa, usinikasirikie. Nikirudi Kyuso wataniuliza, umeona boma? Nitasema nimeona gari."

"Sema umeona nyumba safi kuliko yako."

"Hiyo nitasema, hata chai ya mama ni tamu. Lakini mbuzi wa ntheo hupelekwa mahali. Leo tunawaleta Kambu. Kesho kijana wetu akikosana na mke wake, anakuja kwa wakwe kuomba radhi, anakuta alama za tairi. Atamwomba radhi nani? Rashid?"

Mutindi alicheka, kisha akaona uso wa mume wake akaacha.

"Basi niambie unataka nini," Munyao alisema.

"Toa tairi. Iweke juu ya mawe. Au utuelekeze kwa kaka yako, tumesikia ana nyumba."

Munyao alimtazama mzee huyo jinsi alivyokuwa akiwatazama watembea kwa miguu walioogopa kuvuka barabara. Mtu amesafiri kutoka Kyuso, ambako hata kivuli hakitoshi, kuja kumfundisha nyumba ni nini. "Nikitoa tairi itakuwa kontena," alisema. "Kontena ni ya kuuza mitumba. Nenda salama."

Jumamosi iliyofuata Nduku alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la unga, akanywa chai yake yote ndipo akasema.

"Baba, nimeongea na baba mkubwa Mutiso. Amekubali wapokelewe kwake."

"Na nani atashika kamba ya mbuzi?"

"Yeye."

"Wewe ni mtoto wa Mutiso?"

"Mimi ni mtoto wako. Lakini wewe huna mahali, na mimi nina tarehe."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Munyao angejua la kumjibu. Usiku huo hakuwadharau watu wowote, jambo ambalo Mutindi aliliona, na asubuhi akamkuta chini ya trela akipaka grisi.

"Unafanya nini?"

"Naipeleka shambani. Waje waikute imesimama kwa baba yangu. Tairi zitabaki. Mutiso hatashika kamba ya mbuzi wa mtoto wangu."

Siku ya ntheo alikodi kichwa cha lori kwa rafiki yake wa zamani na kukiendesha mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimwaga maji ya tangi la chini, kama alivyofundisha watu. Kisha Mutindi akauliza wageni watapikiwa na nini. Kule shambani hakuna bomba, na punda wa maji wa kijiji wangekuwa na shughuli zao. Munyao alisimama akifikiri. Rashid alikuwa na mapipa ya bluu, na kioski cha maji kilikuwa kimefunguliwa. Akayajaza mapipa, na kwa kuwa chumba cha mbele kilikuwa kimejaa masufuria, meza na magunia ya mchele, mapipa yakapangwa chumba cha nyuma, mkiani kabisa. Alijua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Kibwezi na Kitui. Lakini kuyaacha maji yaliyokwisha kuchotwa, uende mahali pasipo na maji, ni jambo ambalo mkono wa Mkamba haulifanyi, hata kichwa kikiuamuru.

Kwenye lami nyumba ilifuata vizuri. Walipoacha lami ilianza kutikisa mkia, na walipofika mtoni, mto mkavu wa mchanga kama yote ya upande ule, Munyao alishuka, akaupima mchanga kwa mguu, akachagua mahali pagumu, akaingia. Kichwa kilivuka karibu chote. Kisha mkia ukazama, shingo ikajaribu kuinuka, na tairi za lori zikaanza kuzunguka bila kusonga. Alizima injini. Nyumba ilikaa katikati ya mto, pua juu, mkia kwenye mchanga, mapazia ya vitambaa yakipepea.

"Mwaga maji, Baba Nduku," Mutindi alisema.

"Simwagi."

"Wewe huwaambia watu wamwage."

"Watu. Sikusema mimi."

Kijiji kilifika haraka, kwa kuwa ilikuwa siku ya ntheo na kila mtu alikuwa tayari amevaa nguo nzuri. Mutiso alikuja mbele yao, akachungulia dirishani, akagonga kwa heshima kama mgeni.

"Hodi kwa ndugu yangu. Umeileta kunywa maji?"

"Mto wenyewe hauna maji."

"Nimeona umebeba yako."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Munyao aliwatazama mmoja mmoja: hakuna hata mmoja aliyewahi kupita Emali, wote wako kando ya mto wakimcheka dereva aliyefika Kampala. Angeweza kuwaambia. Lakini simu ya Mutindi ililia. Wageni wa Kyuso walikuwa wameshapita Mutomo, na njia yao ya kuingia shambani ilikuwa hiyo hiyo ya mto. Nduku alikuwa nao, walimpitia Kitui, na mbuzi walikuwa kwenye pikapu.

"Nyumba yangu iko wazi," Mutiso alisema, na safari hii hakuwa akicheka. "Wapokelewe huko. Ni aibu ya sisi sote."

Munyao alitazama ng'ambo. Kichaka chake kilianza pale pale ukingo ulipoishia. Alimuuliza kaka yake swali moja tu. "Una punda wangapi?"

"Wa kutosha."

"Lete. Na panga."

Maji yakatoka dirishani kwa ndoo, yakaingia kwenye mitungi ya punda, yakapanda ukingo. Masufuria yakafuata, na mchele, na meza. Munyao hakugusa kichwa cha lori wala nyumba yake tena. Alikwenda na panga kwenye kichaka cha baba yake, akafyeka kama mtu anayemtukana mtu, miba ikimchana shati la sherehe, mpaka pakawa na uwanja. Mutiso alifyeka upande wa pili bila kuombwa, na vibaya, akiacha visiki virefu. Mutindi aliweka mawe matatu akawasha moto. Pikapu ilipofika ng'ambo, wageni walikuta moshi, maji yanachemka, wanawake wanachagua mchele kwenye mkeka, na hakuna nyumba.

Walivuka kwa miguu, mbuzi mbele. Ilibidi wapite kando ya trela. Mbaluka alisimama, akaipiga ile tairi iliyokuwa bado juu ya mchanga, akaja.

"Mzee Munyao, nyumba yako imelala."

"Imechoka kusafiri."

"Na hapa ni wapi?"

Munyao alikuwa na majibu mengi ya kumpa mtu wa Kyuso. Jasho lilimwingia machoni. "Hapa ni kwa baba yangu," alisema. "Kaburi lake ni lile. Hapa ni kwangu."

Mbaluka aligeuka akatazama kaburi, akatazama moto, akawatazama wenzake waliosimama wakiwa wameshika kamba. Wazee wa Kyuso waliteta kidogo kwa sauti ya chini. Mmoja alionekana kulalamika kuhusu mahali pa kukaa. Mwingine alikuwa ameshakalia kisiki cha Mutiso. Mbaluka akarudi.

"Kijana wetu akikosana na huyu msichana, atakuja hapa?"

"Akikosana naye asije bila kunipigia simu. Lakini atatukuta."

"Basi mwulize msichana mwenyewe kama tukukabidhi mbuzi."

Nduku alikuwa amefunga leso mbili na viatu vimejaa mchanga. Alikuwa ameiona nyumba ya wazazi wake imezama mtoni, akamwona baba yake na shati lililochanika, na kwa muda hakuna aliyejua kama atalia au atacheka. Baba mkubwa Mutiso alikuwa amesimama nyuma kidogo, mikono mfukoni, mbali na kamba.

"Nduku," Munyao alisema, "mbuzi hawa niwapokee?"

"Wapokee, baba. Wamesimama sana."

Wanawake walipiga vigelegele. Mbaluka alinyoosha kamba tatu, na Munyao akazishika kwa mkono wake mwenyewe, akazizungusha kiganjani mara mbili ili zisiteleze. Kisha akamtazama beberu wa mbele kutoka pembe hadi kwato, akampapasa mgongo, akawageukia wageni.

"Huyu amekonda," alisema, na akaenda kuwafunga.