Beringi ya Mashine ya Kusaga

Miaka ile baada ya Azimio, wakati kila mtu akihimizwa kushika jembe, Gaspari wa Mwankoko alishika usukani wa kigari chekundu cha mashindano, viti viwili tu, alichouziwa na Mzungu wa madini aliyerudi kwao. Watu walimcheka, lakini kila mwenye harusi alimtafuta.

Asubuhi moja alimkuta Bhagwanji ndiyo kwanza anafungua duka lake la vipuri pale Singida mjini.

"Shikamoo, Mzee Bhagwanji."

"Marahaba, Gaspari. Gari inalia wapi leo?"

"Gurudumu la mbele. Na mchana nampeleka bibi harusi Igunga." Akaweka beringi mbovu juu ya kaunta.

Bhagwanji akaigeuza kiganjani. Ilikuwa na ukingo mmoja ulionyanyuka kuliko mwingine, wa kuzizuia gololi zisisukumwe pembeni gari linapokata kona. Ya namna hiyo hakuwa nayo, na vipuri vilikuwa adimu hata Dar es Salaam. Alichokuwa nacho ni beringi ya mashine ya kusaga mahindi: kipenyo kilekile, unene uleule, kingo zote sawa. Sasa mashine ya kusaga inakata kona gani?

Alijua, hilo tusimfichie. Lakini kwao mauzo ya kwanza ya siku yana heshima yake. Mteja anayefungua duka haondoki mikono mitupu, la sivyo siku nzima inaingia nuksi, na Bhagwanji aliishika mila hiyo tangu enzi za baba yake. Akaitoa ile ya mashine, akaiweka kaunta.

"Hii itaingia," alisema. Na kweli iliingia.

Siku ile wateja walifurika kama vile mila imejibu, na kila aliyeingia alizidi kumchoma moyo. Mchana aliiacha chapati yake sahanini. Mkewe, Jayshree, alimuuliza kama anaumwa, lakini yeye kichwani aliona zile kona za mlima Sekenke, njiani kwenda Igunga, na korongo lililo chini yake. Akawatoa wateja dukani, akafunga milango, akaiwasha pikapu yake, akawafuata.

Aliwakuta juu ya Sekenke, kabla ya mteremko. Gaspari alikuwa ameinama kando ya gurudumu lililonguruma njia nzima, na bibi harusi, Luciana, ameketi garini, shela magotini. Bhagwanji akamvuta Gaspari pembeni.

"Ile beringi si ya gari hii. Mimi nilijua asubuhi."

Gaspari akamgeukia. "Ulijua nambeba nani?"

"Uliniambia."

Hakugomba, na heri angegomba. Alilitazama korongo, akajifuta grisi mikononi. "Huyu binti usimwambie kitu. Hii ni siku yake, asiingie kwa watu na hofu. Niahidi."

"Naahidi."

"Basi mpeleke wewe. Mimi nabaki na gari."

Waliteremka polepole. Kila kona Bhagwanji aliiona ile shela ikielea chini kwenye mawe. Luciana, yeye, alikuwa na maneno mengi.

"Baba, Gaspari kaniambia umefunga duka kwa ajili yangu, ni kweli? Hata mjomba wangu hakuja kunisindikiza."

"Shika vizuri, binti," ndilo jibu pekee alilolipata.

Igunga, wakwe walikuwa wamekwisha kata tamaa. Walipoiona pikapu wakaizunguka, na kabla Bhagwanji hajaulizwa kitu, Luciana akasema kwa sauti, "Gari liliharibika Sekenke. Baba huyu hata hanijui, kaacha biashara yake anilete."

Vigelegele vikapasuka. Mama mkwe akavua kanga yake, akamvisha Bhagwanji mabegani, na wanawake wakamtia katikati wakicheza na kumwombea maisha marefu. Alitamani ardhi immeze. Mdomo ulimfunguka, akaikumbuka ahadi, akaufunga. Akasimama pale, kanga mabegani, wakamshukuru mpaka wakachoka.