Pasipoti ya Nashon na Kiapo cha Mamaye

Nashon Were alikuwa fundi wa piano, na katika Nairobi ya mwaka 1973 hiyo haikuwa kazi ya kugombaniwa. Asubuhi alikaa katika duka la muziki katikati ya mji. Mchana alibeba mkoba wake wa vyuma akaenda Karen, ambako piano nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu, na wenyewe hawana habari mpaka wageni wafike. Alikaza uzi, akagusa, akasikiliza, akakaza tena. Matajiri wale walimpenda kwa sababu hakuwa msemaji. Wangejua kilichomfunga mdomo wangeshangaa, maana alikuwa mtu wa vichekesho vingi akiwa na watu anaowaamini.

Nashon alizaliwa akahesabiwa msichana, akaitwa Nanyama. Aliimba katika kwaya ya wasichana ya kanisa lao kule Dagoretti, na kwaya ile ilipoalikwa Zambia mwaka 1967, naye akatolewa pasipoti: Nanyama, mwanamke, kitambaa kichwani, uso umenuna. Lakini tangu akiwa mdogo alijijua kuwa mwanamume, na alipofika miaka ishirini na mbili akaamua kuishi hivyo, liwe liwalo. Akanyoa, akavaa suruali, akajiita Nashon. Jina la pili akachukua la babu yake mzaa baba, mzee Were, aliyepiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, huko Bungoma na ambaye watu walisema sikio lake halikudanganywa. Majirani walisema, wakasema, wakachoka. Dagoretti watu wana ng'ombe wa kuchinja na mboga za kuuza.

Mama yake, Peres, alilia mwezi mzima, kisha akafuta machozi na kuanza kumwita Nashon. Hilo lilimtia moyo. Ila jina la Were halikutoka kinywani mwake hata mara moja katika miaka mitano. Likitajwa mbele yake, aliinuka akaenda kuangalia sufuria. Nashon akalifasiri mwenyewe: jina la kanisa unaweza kumpa hata mpita njia, lakini jina la babu ni la mtoto wa nyumba. Basi mama amenipokea mlangoni tu, ndani sijaingia. Liliuma, naye akalinyamazia.

Mwaka ule wenye duka walipata nafasi moja ya mafunzo ya miezi sita katika kiwanda cha piano Ujerumani, wakampa yeye. Tiketi ililipwa. Kilichobaki kilikuwa pasipoti, na kama isingekuwa tayari kufikia mwisho wa Februari, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Alikwenda ofisi ya pasipoti na karatasi zake zote: hati ya wakili ya kubadili jina, na barua ya daktari mmoja wa Karen aliyemjua vizuri. Kaunta ilishikwa na mama mmoja aitwaye Wangeci, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akafungua pasipoti ya zamani.

"Hii kitabu ni ya msichana," alisema. "Ni ya dada yako?"

"Ni yangu."

Wangeci akaangalia picha, akamwangalia yeye, akarudi kwenye picha. Foleni nzima ikanyamaza ili isikie vizuri, kama ilivyo desturi ya foleni zetu.

"Karatasi ya jina iko, ya daktari iko," Wangeci akasema, na kwa hisani yake alishusha sauti. "Lakini mimi hapa naona watu wawili. Nitajuaje huyu hakukufa, wewe ukachukua kitabu yake? Mzazi yuko?"

"Mama yuko."

"Basi akule kiapo kwa wakili, aseme ule alizaa ndiye wewe. Ukileta hiyo, napeleka kwa mkubwa."

Jumamosi Nashon alimkuta mama yake sokoni akifunga mafungu ya mrenda. Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye mboga. Peres aliuliza swali moja tu: "Ni kwa Biblia?"

"Kwa Biblia, Mama."

Akafunga fungu jingine, akalikata mikia. "Nitakuja," akasema. Hakusema atakuja kusema nini, na Nashon hakuthubutu kuuliza.

Wakili Muthama alikuwa na chumba kimoja ghorofani, karibu na stendi ya mabasi. Peres alifika amevaa gauni lake la Jumapili na leso mabegani. Muthama akampa kiti, akamwambia utaratibu wake: anayetia kidole gumba lazima kwanza aseme maneno yote kwa kinywa chake, ili kesho asije mtu kudai kwamba mama wa watu alidanganywa. Peres akakubali. Akashika Biblia kwa mikono miwili.

"Mimi Peres naapa," alisema. "Mtoto nilizaa mwaka arobaini na sita, tukamwita Nanyama, ni huyu amesimama hapa. Hakufa. Anaishi kama mwanamume, na mimi mama yake namjua ni mwanamume."

Nashon alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hayo.

"Vizuri, mama," Muthama akasema. "Na sasa anaitwa nani?"

"Nashon."

"Nashon nani?"

Peres akafumba mdomo. Muthama akangoja, kalamu mkononi. Chini barabarani basi lilipiga honi. Mama wa watu aliangalia sakafu tu, jasho likimtoka puani.

"Basi, Mama," Nashon akasema. "Usijilazimishe. Kama hunitaki katika nyumba ya babu, twende zetu."

Peres aligeuka akamkazia macho. "Nani amesema sikutaki? Wewe mtoto! Huyo ni baba mkwe wangu! Mimi niliolewa kwake. Mwanamke mwenye adabu atataja jina la baba mkwe kama anaita mbuzi? Hata siku alikufa nililia bila kulitaja!"

"Hukuniambia!"

"Ningekuambia namna gani bila kulitaja? Wewe umekulia hapa mjini, hujui kitu, ukajichagulia jina bila kuniuliza. Ungechukua la mjomba wangu, ningekuita mpaka majirani wazibe masikio!"

Nashon alikaa kitini bila kukaribishwa. Miaka mitano alikuwa amelala njaa mbele ya chungu kilichojaa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Muthama akakohoa. "Kwetu Ukambani pia mkwe ana heshima yake," akasema taratibu. "Lakini mama, huko mkubwa wa pasipoti anataka jina." Akavua miwani, akageuza kiti chake kikatazama dirisha, akawapa mgongo.

Peres akavua viatu. Akajifunika leso mpaka usoni, akaelekea ukutani, akamwomba mzee radhi kwa Kibukusu, maneno marefu ya chini kwa chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevuka mto wenye baridi: "Were. Mwanangu anaitwa Were."

Nashon akalia waziwazi, wala hakuona haya.

Pasipoti ilitoka zikiwa zimebaki siku nne. Peres alifunga kibanda chake sokoni akaandamana naye, kwa kuwa, alisema, karatasi za serikali haziaminiki mpaka uzione. Wangeci alipokisukuma kitabu kile juu ya kaunta, alimpa mama mkono wa pongezi. Wakasimama nje kwenye ngazi, na Peres akataka asomewe, maana kusoma kwake kuliishia kwenye nyimbo za kanisa.

"Nashon Were," Nashon akasoma. "Mwanamume."

"Soma tena."

Akasoma tena. Peres akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapitisha kidole juu ya picha.

"Mama," Nashon akasema, "niite basi mara moja tu, kabla sijapanda ndege."

"Mimi nimeshalitaja mara moja, na mzee amenisamehe," Peres akajibu, akijifunga leso tayari kwa safari ya kurudi sokoni. "Ukitaka kuitwa hivyo kila siku, mwanangu, oa. Mkeo si mkwe wa mzee, atakuita."