Baba Hajatoka Msituni

Juzi, ndani ya treni iendayo Penrith, huku ugenini tunakoishi, nilimsikia muuguzi akisema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa wake bado hajatoka msituni. Nikamkumbuka baba.

Wakati wa korona baba alilazwa, nasi tukafungiwa nyumbani. Mchana mmoja hospitali ilipiga simu. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilipokea mimi, huku harufu ya vitunguu vinavyoungua ikijaa jikoni.

"Wanasema baba hajatoka msituni," nikamwambia. Sikujua kuwa ni msemo.

Mama akazima jiko. Tulipokimbia vita kule Kivu, tulilala msituni, na wengine hawakutoka. "Nani amempeleka huko?" akauliza taratibu.

Akanivuta hadi uani, akamwita jirani yetu Lucía, Mkolombia aliyekuwa akijifunza Kiingereza. Lucía alisimama mbali na uzio, amevaa barakoa. Nikamrudia kwa Kiingereza maneno ya hospitali.

"Hata mimi maneno hayo yalinichanganya," akaniambia. "Maana yake hali bado ni mbaya, lakini yuko hai."

Nikamtafsiria mama. Akaitikia kwa kichwa.

Baba aliporudi, amekonda, mama alimvua viatu mlangoni, akazigeuza soli kuangalia kama zina matope.