Aliyejilaza Kwenye Kitanda cha Mtoto

Mwaka wa tisini na nane, mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja kwetu ughaibuni, Kenton, kutupima, mimi na mume wangu Hamad, kama tunafaa kumchukua yatima kutoka Pemba. Kila alipofika aligusa maji ya moto ya bomba asije mtoto akaungua, akajaribu makomeo ya madirisha, akauliza kwa sauti ya chini maswali yaleyale: mkigombana, nani hunyamaza kwanza? Chai aliinywa ikishapoa. Siku ya mwisho tulimwonyesha chumba cha mtoto. Akavua viatu, akapanda kitandani, akajilaza chali na koti lake. Hamad alinitazama, nikahofu tumeshindwa.

"Mlango uko nyuma ya kichwa changu," alisema. "Mtoto mgeni akiamka hutaka kuona nani anaingia."

"Umejuaje?" nilimwuliza. Aliinuka, akashika upande mmoja wa kitanda, tukakigeuza sote watatu. Akajilaza tena, akamwomba Hamad atoke kisha aingie. Mlango ulipofunguka yule mama alitabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja muda mrefu.

"Sasa sawa," alisema, bado amelala. "Nitawaambia wakubwa zangu mpewe mtoto."