Kiti cha Karani wa Bandari

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, umalize, halafu unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kisangani, mchana, nimekula nimeshiba. Sikuota, na pombe sinywi.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa, kwa Lingala na Kiswahili, na kuziandika kwa Kifaransa. Zamani tulifanyia ofisini, mtaa wa Makiso. Mkubwa wetu alipochoka kulipa nyumba, akatuambia kila mtu afanyie kwake. Kwangu Mangobo, ninakoishi peke yangu, nilikuwa na meza ya kulia na kiti cha plastiki, basi. Haukupita muda nikawa ninainuka kwa kushika ukuta, kama mwanamke aliyejifungua jana.

Nikaanza kutafuta kiti. Vile vipya vya dukani, bei yake ilinirudisha nje mara moja. Kimoja cha bei rahisi nilikijaribu, nikaegemea, mgongo wake ukaenda nyuma pamoja nami, nusura nianguke mbele ya wateja. Seremala akanionyesha cha mbao, kizuri kwa macho, kigumu kama benchi ya kanisa. Ndipo rafiki yangu akanishauri nitafute kilichotumika, ila nikikalie kwanza kwa muda mrefu. Kiti hakinunuliwi na mtu aliyesimama, alisema. Akanielekeza Kabondo, kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Zaina.

Kilikuwa cheusi, kitambaa kimepauka, lakini sponji nzima. Nilipokaa, nyayo zote mbili zikafika chini, na kiuno kikashikwa palepale panaponiuma. Chini kulikuwa na chuma cha kuvuta ili kipande au kishuke. Na kila nilipoketi kilishuka kidogo, kikapumua: fsss.

"Ilikuwa ya nani, mama?" nikauliza.

"Ya bwana yangu, papa Saidi. Alikuwa karani ku bandari." Akakifuta vumbi kwa kitenge chake. "Mwenyewe haiko tena."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Bei ilikuwa nzuri. Wewe ungeuliza?

Nikakifunga nyuma ya baiskeli ya toleka, zile za kubeba abiria, tukaenda nacho hadi Mangobo, magurudumu ya kiti yakizunguka kwa upepo.

Mgongo ulipona, sitadanganya. Shida ilikuwa moja. Nikienda jikoni, nikirudi, ninakuta kiti kimepanda juu kabisa, urefu wa mtu mrefu. Nikikaa, miguu inaning'inia. Nikasema chuma kimelegea. Nikakipaka mafuta. Kikapanda tena.

Alasiri moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, nikaenda uani kuanua nguo. Niliporudi, mzee mmoja alikuwa ameketi mezani pangu, kwenye kile kiti. Mrefu, kofia nyeupe, shati lililopigwa pasi. Aliinuka nusu, kwa adabu.

"Pardon, mama. Bibi yangu iko wapi?"

"Bibi yako nani, papa?"

"Zaina. Alienda kutafuta makala ya kuwasha moto, apashe maji ya kunikanda. Alisema anarudia sasa hivi." Akaketi tena. "Mimi naogopa kulala mbele hajarudia."

Amini usiamini, lililonishtua si kofia wala uso wake. Mzee mkubwa vile alikuwa amekaa, na kiti hakikushuka hata kidogo. Hakikupumua. Ni kama nguo ilikuwa imewekwa juu yake.

Nikaziweka mezani nguo nilizoanua.

"Muambie niko hapa," akasema. "Naikala tu." Akaninyoshea mkono. Sisi tumelelewa kuheshimu wazee, nikaupokea. Ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa ndani ya barafu. Kisha nikawa nimeshika hewa, na mlango bado una komeo.

Nilichukua pikipiki kwenye mvua ileile mpaka Kabondo. Nilipomweleza habari ya mzee yule na makala, yaani mkaa, Mama Zaina akaketi chini, palepale mlangoni.

"Hiyo sijaambiaka mutu," akasema. "Kifua ilikuwa inamusumbua, alikuwa analala mu ile kiti. Nilienda kutafuta makala, karibu haikukuwa, nikaenda mbali. Kurudia, nikakuta amekwisha kufa. Ndugu zake wanasema nilimuacha akufe peke yake. Mpaka leo hawanisalimii."

Tukarudi pamoja, tumelowa. Kiti kilikuwa juu. Mama Zaina alisimama nyuma yake, akaweka mikono pale mabega yangekuwa.

"Papa Saidi, ni mimi. Makala ilikuwa mbali. Lakini nilirudia. Nilikukanda hata vile, na maji ya moto. Sasa lala."

Kiti kikashuka chenyewe, polepole, kikapumua kwa muda mrefu, mpaka chini kabisa. Alilia sana siku ile, nami nikalia naye.

Nilitaka kumrudishia. Akakataa, akasema nikitumie. Hakijapanda tena. Ndugu za marehemu walisikia habari hii. Wengine wamekuja kumwomba msamaha, wengine wanasema mimi nimelipwa kuitunga. Sijalipwa.

Ila vidole vya mkono wangu wa kulia havijapata joto tangu siku ile. Hospitali walipima damu, wakasema sina ugonjwa. Nikiwa mezani ninavaa soksi ya mkono, ya sufu, katika joto hili la Kisangani, na ninaandika polepole kuliko zamani.

Kwa hiyo, unayetafuta kiti cha kufanyia kazi nyumbani, jaribu magurudumu, jaribu mgongo, angalia miguu yako kama inafika chini. Halafu muulize muuzaji ni nani aliyekikalia na aliondokaje. Akinyamaza, usiharakishe kulipa. Kaa naye mpaka aseme. Na mzee usiyemjua akikunyoshea mkono ndani ya nyumba uliyoifunga wewe mwenyewe, msalimie kwa mdomo tu.