Mume Aliyekuwa Safarini

Mchezo wetu wa kuigiza tuliuanza mwaka wa uhuru, uani kwetu Rumonge, kila Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Hadithi ilikuwa moja tu na haikuwa na mwisho. Mama alikuwa mke, shangazi mke mwenza, mimi mtoto wao mkorofi. Baba, ambaye siku nyingine zote alikuwa mkamua mawese asiye na makuu, alikuwa mume mwenye tamaa. Majirani walikuja na mikeka yao, na waliuamini mchezo kupita kiasi. Muuzaji mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwani, alikataa katakata kumuuzia baba kwa kuwa Jumapili iliyopita, katika mchezo, alimfukuza mama. Baba alirudi mikono mitupu, akicheka hadi machozi.

Mama ndiye aliyetunga, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna anayekufa. Mchezaji akiumwa, au akienda Kigwena kutafuta chikichi, tuliwaambia watu yuko safarini. Akirudi, anaendelea alipoachia.

Mwaka wa 1972 askari wenye bunduki walimchukua baba sokoni pamoja na wanaume wengine. Hakurudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kumlilia hadharani mtu aliyechukuliwa kulikuwa kujitafutia balaa, kwa hiyo hatukuweka matanga. Shangazi alimsihi mama akae eda, walau chumbani. Mama akamjibu kwamba mumewe yuko safarini. Alisema hivyo jikoni, bila mikeka wala watazamaji, na nilimchukia kwa hilo. Nilitaka kumlilia baba yangu.

Watu walipoanza tena kukaa pamoja, mama alirudisha mchezo. Jumapili baada ya Jumapili mume alikuwa safarini Uvira, ng'ambo ya ziwa. Karibu wote waliokuja walikuwa wanawake, nao hawakucheka hata palipochekesha. Siku moja yule muuza ndagala akauliza taratibu kutoka mkekani kwake, "Mama, bwana yako iko wapi?"

Shangazi alikwisha kufungua mdomo aseme Uvira. Mama akamshika mkono. Akaingia ndani, akatoka amevaa nguo nyeupe za eda, akaketi chini mbele yao.

"Bwana yangu amekufa," akasema. "Mwenye iko na mutu wake, amulilie hapa."

Ua mzima ukalia. Askari mmoja aliyekuwa akipita alichungulia, akaambiwa ni mchezo, akaenda zake. Nami, mtoto mkorofi, nilimlilia baba mpaka adhana ya alasiri.