Itoka Nililolihamisha

Nilipokuwa mtoto pale Munyaka, mbwa wa jirani hawakunitisha, na mwalimu wa hesabu nilimwogopa kidogo tu. Nilichokiogopa kwelikweli kilikuwa mmea. Shosho, mama yake baba, alikuja na vitunguu vya mmea wenyewe, si vya kula, kwenye kiondo kutoka Murang'a, akavipanda vinne kwa mstari mmoja kati ya ploti yetu na ya Mama Auma. Kwetu mmea huo tunauita itoka. Una majani marefu na maua meupe yenye michirizi ya waridi, mazuri ajabu, na sijawahi kuona mtu akiyachuma. Itoka hupandwa kuonyesha mpaka.

Siku ya kupanda, shosho alimwita Mama Auma atoke. Hivyo ndivyo inavyofanywa, majirani wote wawili wawepo. Mama Auma alikuwa mwalimu wa nasari, mtu wa kutoka kando ya ziwa, na mambo ya itoka hakuyajua.

"Hii ikishaingia kwa udongo, hakuna kung'oa," shosho akamwambia. "Mwenye kung'oa, usingizi unamtoka. Atakuwa analala macho wazi mpaka azikwe."

"Yawa! Hata sisi tuko na zetu," Mama Auma akasema. "Kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, bwana yake anakufa."

Wakacheka wote wawili, kisha wakaenda kunywa chai. Walikuwa marafiki sana, hilo nataka lieleweke mapema. Mama Auma akipika omena, wale dagaa wa ziwani, sahani moja ilipita kwa shosho, nayo ilirudi na mukimo wa viazi na mahindi. Bikoni za saveya, yale mawe ya mpaka, zilikuwa zimepotea kabla hatujahamia, na hakuna aliyezitafuta. Matoka yalitosha.

Auma, binti yake, alikuwa rika langu. Mchana mmoja tulikula avocado kwa chumvi nyuma ya nyumba yao, nikasema tupande mbegu. Auma akaruka nyuma. "Mimi siwezi, baba atakufa." Basi nikachimba mimi, yeye akashika mkebe wa maji. Tuliipanda upande wao, hatua moja tu kutoka kwenye matoka, kwa sababu kwetu kuku wangeifukua. Hatukumwambia mtu.

Mbegu ile haikuwa na utani. Nilipofika darasa la saba, mti ulikuwa umepita paa letu, na tawi moja kubwa lilikuwa limelala juu ya mabati na tanki la maji. Avocado zilianguka puu! puu! hadi shosho akaacha kusikiliza redio. Majani yakaoza kwenye tanki.

"Mama Auma, hii mti yako inanichafulia maji."

"Mti yangu? Mimi nilipanda lini?"

Hapo ndipo walipokwama, na hadi leo nikifikiria nasikia hasira. Shosho alitaka tawi moja tu likatwe. Mama Auma hakuweza kusema mti ni wake, maana kusema hivyo ni kukubali kwamba mwanamke amepanda mti, na mumewe alikuwa kazini mbali, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Tayari mashemeji walikuwa wameuliza nani aliupanda. Wanawake wawili wazima, marafiki, na hakuna aliyewaza kutuuliza sisi watoto. Nani huuliza watoto?

Mwishowe Mama Auma akachoka. "Jumamosi naita mtu wa power saw. Nakata yote, tumalize haya maneno!"

Nililia. Mti ulikuwa wangu. Niliuona ukitoa majani mawili ya kwanza, na sasa ungekuwa kuni kwa sababu ya tawi moja. Nikawaza kwa akili ya miaka kumi na tatu: mtu hawezi kukata mti ulio kwa ploti ya mwenzake. Alhamisi, shosho alipokwenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, nikachukua jembe, na kwa kuogopa msumeno kuliko laana nikang'oa itoka la tatu, nikalipanda ng'ambo ya mti. Nikashindilia udongo kwa viatu vya shule. Mti ukawa wetu.

Sikuwa na akili ya kuona kwamba mstari uliokuwa umenyooka sasa ulikuwa na kiwiko. Kipofu angeuona.

Asubuhi iliyofuata nilisikia sauti ya Mama Auma nikiwa jikoni. "Mama, hata wewe? Kwa sababu ya avocado? Si ungeniomba tu!"

Shosho akatoka na leso yake. Aliangalia itoka kwa muda mrefu. Nilimwona kwenye ufa wa mlango akiinama polepole, akashika udongo mkononi. Shosho wangu, ambaye hakuwahi kuchukua hata limau la mtu, akaitwa mwizi wa mpaka mbele ya wapangaji waliotoka kusikiliza.

"Mimi sijagusa," akasema. "Na kama ni mkono wa nyumba hii ulioling'oa, usingizi uitoke nyumba hii."

Ngai! Hakujua alikuwa anamlaani nani. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, na mchanga ulikuwa bado kwenye kucha zangu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikaenda shule.

Mtu wa power saw hakuja. Baada ya kiapo kile hakuna aliyethubutu kugusa kitu. Shosho hakulirudisha itoka, maana angekuwa amekubali kosa. Mama Auma naye aliogopa hata kulipita karibu. Sahani ya omena haikupita tena. Auma akakatazwa kuja kwetu, nami nikawa nazunguka njia ya mbali nisikutane naye.

Na usingizi ukatoka kweli. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na shosho, namsikia akigeuka, akinong'ona sala, akigeuka tena. Hospitali wakasema ni presha. Mimi nilijua ni nini, nikakaa kimya miaka mitatu, hadi tukamzika. Nilijiambia nitasema kesho. Wiki ijayo. Nikifunga shule. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikutafuta pole. Nilitafuta mtu wa kunilazimisha niseme, na hakutokea.

Siku hizi ninaishi Kimumu, nina watoto wawili. Mwezi uliopita ndugu yangu Kamau, aliyebaki kwenye ploti, alinipigia simu. Anajenga ukuta wa mawe kufuata matoka, pamoja na kile kiwiko, na Auma amemzuia. "Njoo umwambie," akasema. "Shosho aliapa. Shosho hakuwa mwongo."

Nilienda. Mti bado upo. Auma alinikuta pale mpakani, mvi mbili tatu mbele ya kichwa, hakunisalimu kwa mkono.

"Auma, shosho hakuhamisha," nikasema. "Ni mimi."

Kamau aliacha mwiko wake wa simiti kwenye ndoo.

"Mama alikuwa akitoa sahani mbili," Auma akasema. "Kwa mazoea tu. Halafu anakumbuka, anarudisha moja kabatini. Amekufa akimwita shosho yako mwizi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa mtoto."

"Ukakua, Njeri. Si ulikua?"

Nikaomba jembe. Kamau akanipa, lakini hakukubali kushika itoka, na Auma pia akakataa. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye digrii, nililizunguka itoka mara mbili kabla ya kuinua jembe. Nilipochimba nikakuta kitunguu kimoja kimezaa, vimekuwa kumi na zaidi, vimeshikana, na sikuweza kujua ni kipi shosho alikishika siku ya kupanda. Ikabidi nivirudishe vyote kwenye mstari wa zamani.

Auma akaingia ndani. Nikadhani ameniacha. Kisha akatoka na mkebe wa maji, akamwagia udongo taratibu hadi maji yakaisha, akageuka akaingia tena bila kuniaga.

Bado silali vizuri. Kwa miaka mingi niliamini ni lile itoka linaloninyima usingizi. Siku hizi najua ni maneno matatu niliyoyameza nyuma ya mlango wa jikoni: ni mimi, shosho. Nimeyasema hatimaye, na wawili waliostahili kuyasikia wamelala.